Poda ya mtoto: ngozi inahitaji kukauka, haihitaji vumbi

Mtoto amezaliwa. Habari imefika kwa majirani, na kabla jua halijazama wageni wanaanza kuingia mmoja mmoja. Huyu ameleta sabuni, huyu kikwembe, yule kilo ya sukari ya kumtilia mama mzazi kwenye uji. Na karibu kila mfuko uko na chupa ya poda ndani. Kwetu hapa Bukavu, na vilevile Goma, Uvira ao Lubumbashi, poda ni alama ya furaha. Mama aliyejifungua anapakwa shingoni na kifuani, na anayepita njiani anajua mara moja kwamba nyumba ile imepata mgeni. Siku matokeo ya Egzeta yanatoka, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka nywele zinakuwa nyeupe kama za koko wake.

Ndiyo maana si rahisi kusema jambo baya juu ya poda. Ni kama kusema vibaya juu ya sherehe yenyewe. Lakini mama na baba wenye mtoto mchanga wana haki ya kujua ile chupa iko na nini ndani, inafanya nini kwenye pumzi ya mtoto, na kama iko kitu kingine cha kuweka pahali pake. Tutaeleza moja kwa moja, bila kutisha watu.

Talki ni nini?

Chukua chupa, igeuze nyuma, tafuta maandishi madogo. Kwenye poda nyingi neno la kwanza kabisa ni «Talc». Hiyo ndiyo talki. Talki ni jiwe. Inachimbwa ardhini kama vile madini mengine tunayoyajua vizuri hapa kwetu, halafu inasagwa mpaka inakuwa unga laini sana. Kati ya mawe yote, hakuna lililo laini kuishinda. Unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Inateleza, inakamata unyevunyevu, na inabeba manukato vizuri. Ndiyo sababu watu walianza zamani kuipaka watoto. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza poda yake ya watoto mwaka wa 1894, na harufu yake ikazunguka dunia nzima.

Shida ziko mbili. Moja inaweza kutokea leo ndani ya dakika chache. Nyingine ni ya miaka mingi.

Shida ya kwanza: pumzi

Angalia siku moja mtu anapomwaga poda karibu na dirisha jua likiwa linaingia. Utaona wingu. Ile sehemu inayobaki kwenye ngozi unaiona, lakini sehemu nyingine inabaki hewani, na mtoto aliyelala chali iko chini yake, pua wazi, mdomo wazi. Njia za pumzi za mtoto mchanga ni nyembamba sana. Talki haiyeyuki ndani ya maji, kwa hiyo ikiingia kwenye mapafu haiondoki sawa chumvi ao sukari. Inakausha ute unaolinda njia za pumzi na inaziba vile vijia vidogo.

Madaktari wa watoto wamekuwa wakiandika juu ya visa hivyo kwa miaka mingi. Wako watoto walioshindwa kupumua, na wako waliokufa. Mara nyingi ajali inatokea namna hii: mama anabadilisha mtoto, anamwachia chupa ya poda mkononi ili atulie, mtoto anaipeleka mdomoni juu inafanana na biberon yake, na kifuniko kinafunguka. Kitu kibaya zaidi ni kwamba mtoto anaweza kukohoa kidogo, akatulia, halafu saa chache nyuma pumzi ikaanza kumsumbua. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinawashauri wazazi wasitumie poda kwa watoto wachanga.

Ikitokea mtoto amevuta poda nyingi, mtoe kwenye hewa yenye vumbi, mpanguse pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, na mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese kama vile watu wanavyozoea kufanya mtu akimeza sumu. Mafuta yanaweza kupita njia ya pumzi na kuongeza shida juu ya shida.

Shida ya pili: ndani ya jiwe

Kwenye migodi, talki wakati mwingine inalala jirani na madini mengine yanayoitwa asbesto, ambayo kwa Kifaransa wanaita amiante. Asbesto inaleta kansa. Hapo hakuna ubishi. Kama uchimbaji na upimaji haukufanywa vizuri, nyuzi zake zinaweza kuingia pamoja na talki ndani ya chupa. Mwezi wa Oktoba 2019, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia chakula na dawa lilikuta chembechembe za asbesto katika chupa moja ya poda ya Johnson & Johnson, na kampuni ikaondoa sokoni kundi la chupa karibu 33,000. Maelfu ya watu, wengi wao wamama wenye kansa ya mfuko wa mayai, walikuwa wameishitaki kampuni hiyo kortini. Kampuni yenyewe imeendelea kusema kwamba poda yake ni salama.

Mwaka wa 2020, kampuni hiyo iliacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada. Kwetu Afrika na pengine duniani, ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba itaacha mwaka wa 2023. Hesabu wewe mwenyewe: miaka mitatu nyuma. Na pahali pa talki waliweka nini? Unga laini wa mahindi, kitu ambacho mama wa Kadutu anaweza kukikuta kwenye duka la mtaani.

Mwaka wa 2024, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, ambalo makao yake yako Lyon, Ufaransa, liliweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo «pengine» vinaleta kansa kwa mtu. Tusome vizuri hilo neno. Halisemi kwamba kila aliyepakwa poda utotoni atagonjwa. Linasema kwamba ushahidi umefika kiasi cha kufanya mtu mwenye akili ajiulize: kama kitu si cha lazima, na kina mashaka namna hii, juu ya nini nikiweke kwa mtoto kila siku? Na kwa wamama wenyewe: msipake poda ya talki sehemu za siri. Uchunguzi mwingi ulianzia hapo.

«Basi tutumie vitu vya asili»

Hapo ndipo watu wengi wanakimbilia. Wanatupa chupa, wanaingia jikoni. Ni wazo zuri, lakini neno «asili» linaweza kudanganya. Talki yenyewe ni kitu cha asili, imetoka ardhini. Kwa hiyo tuangalie kimoja kimoja.

Maizena. Huu ni wanga uliotolewa ndani ya punje ya mahindi, mweupe, unalia kidogo ukiubana na vidole. Usichanganye na unga wa bugali; unga wa bugali una makapi na unakwaruza. Chembe za maizena ni kubwa kuliko za talki, kwa hiyo si rahisi zishuke mpaka chini kabisa ya mapafu, na hazina mambo ya asbesto. Kati ya poda zote, hiyo ndiyo tunaweza kuiita bora. Lakini nayo ni vumbi. Mtoto akiivuta atakohoa na anaweza kuumia. Kwa hiyo maizena inapunguza hatari, haiimalizi. Wakati wa kununua, chukua ile tupu, si ile ya kutengeneza krimu iliyotiwa vanila na sukari.

Watu wengine wanasema maizena inalisha fangasi za kwenye makalio. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1984, uliofanywa juu ya ngozi ya watu, haukuona fangasi zikiongezeka kwa sababu ya maizena. Hata hivyo, kama ngozi imekwisha kuwa na vidonda ao fangasi, usiweke unga wowote. Hapo kinachohitajika ni dawa.

Wanga wa muhogo. Kwetu ni chakula cha kila siku, kwa hiyo tutofautishe vizuri. Unga wa fufu si poda. Muhogo umelowekwa, umechacha, umeanikwa pengine kando ya barabara, na umesagwa kwenye mashine ya kila mtu. Ndani yake mna vumbi, ukungu, na wakati mwingine mabaki ya ile sumu ya muhogo mchungu. Usiupake mtoto. Wanga ni kitu kingine: unakuna muhogo mtamu mbichi, unaukamua ndani ya maji kupitia kitambaa, unaacha maji yatulie, unamwaga maji ya juu, unabaki na kitu cheupe chini. Kinaoshwa tena mara kadhaa, kinakaushwa pahali safi. Wanga huo unafanana na maizena. Lakini usafi wa kazi yote uko juu yako, na usipokauka vizuri unaota ukungu. Kama maizena ya duka inapatikana, ni afadhali zaidi.

Udongo mweupe. Kuna watu wanausaga na kuupaka mtoto, kwa sababu ni laini na unakausha. Huo nao ni jiwe lililosagwa kama talki, na unaingia kwenye pumzi vilevile. Vipimo vilivyofanyika katika nchi mbalimbali vimekuta madini ya risasi, ile plombi ya ndani ya betri, katika udongo ambao wamama wajawazito wanakula. Uache.

Bikarbonati. Ile ya kulainisha maharagi. Wako wanaosema inaondoa harufu na inakausha makalio. Hapana! Mwaka wa 1981 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mtoto mchanga ambaye chumvi za damu yake ziliharibika kwa sababu alikuwa anapakwa bikarbonati mara kwa mara kwenye makalio yenye vidonda. Ilipita kwenye ngozi ikaingia ndani.

Majivu. Koko wengi wanayaamini. Majivu yakikutana na maji yanakuwa makali, ndiyo sababu zamani watu walitengeneza sabuni kwayo. Ngozi ya mtoto haiwezi kuvumilia hayo.

Ngozi ya mtoto inakunywa

Tukumbuke kisa cha Ufaransa, mwaka wa 1972. Poda ya watoto iliyoitwa Morhange ilitengenezwa vibaya: kwa kosa la kiwanda, dawa kali ya kuua vijidudu, heksaklorofeni, iliingizwa ndani kwa wingi. Wazazi walipaka watoto wao kama kila siku, hawakujua kitu. Watoto zaidi ya mia mbili walipata sumu, na 36 kati yao walikufa. Sumu haikupita mdomoni. Ilipita kwenye ngozi, na zaidi kwa wale ambao makalio yao yalikuwa na upele.

Kosa siku ile halikuwa la talki. Lakini kisa kinatufundisha jambo ambalo linahusu kila kitu tunachopaka mtoto, kiwe cha duka ao cha shamba: ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ikiwa imechubuka inakunywa kila unachoweka juu yake. Kwa hiyo jihadhari pia na poda zinazouzwa sokoni kwa kijiko, ndani ya kifuko kisicho na jina, na zile zinazojisifu kuwa zimechanganywa na dawa.

Sasa tufanye nini?

Poda haina kazi nyingine kwa mtoto isipokuwa kukausha. Haiponyi, hailishi ngozi. Basi tukipata njia ya kukausha bila vumbi, tumeshinda. Njia hiyo haigarimu franka nyingi:

– Badilisha mtoto mara kwa mara. Choo kikubwa, badilisha palepale. Mkojo, usiache pampasi ijae eti kwa sababu ni ya bei. Mkojo na choo vikikaa pamoja ndivyo vinavyochoma ngozi.
– Mwoshe na maji safi ya uvuguvugu. Sabuni kidogo, isiyo na manukato, tena si kila mara.
– Mkaushe kwa kitambaa laini cha pamba, kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Fungua mikunjo yote: shingo, makwapa, mapaja. Shingoni ndiko maziwa yanajificha na kuoza.
– Mwache uchi kidogo. Dakika kumi ao kumi na tano juu ya kikwembe safi, mara kadhaa kwa siku. Hewa ndiyo poda ya kwanza ambayo Mungu aliumba.
– Paka vazelini tupu, ao pomadi ya zinki kutoka farmasi, kabla ya kufunga pampasi ao kitambaa. Inafanya ukuta kati ya ngozi na mkojo, na hairuki hewani.
– Kama unatumia vitambaa, visuuze mpaka sabuni iishe kabisa, vikauke juani, na uvipige pasi kama unayo.

Na vile vipele vidogo vya joto? Hapa Bukavu asubuhi kuna baridi, tunamvalisha mtoto triko mbili, kofia na soksi, halafu tunamfunga mgongoni na kikwembe kizito. Saa sita jua linawaka, na yeye bado amevaa vile vile. Uvira na Kalemie ndiyo zaidi, joto ni la siku nzima. Vipele hivyo havihitaji poda. Toa nguo moja, mwogeshe, mpumzishe. Vitaondoka.

Kama bado unataka poda

Tunaelewa, mazoea hayakatwi siku moja. Basi fanya hivi. Chagua ile ambayo nyuma yake hakuna neno «Talc», na pameandikwa «Amidon de maïs» ao «Zea Mays Starch», maana yake wanga wa mahindi. Usiimwage kamwe juu ya mtoto. Nenda mbali kidogo naye, weka kidogo kwenye kiganja chako, sugua mikono, halafu mpake polepole kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Usoni hapana, shingoni hapana. Safisha ile ya zamani kwanza, kwa sababu ikilowa inafanya madonge yanayochubua. Chupa ifungwe na iwekwe juu, pahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Kwenye kitovu usiweke kitu: si poda, si majivu, si mafuta. Kitovu kinataka usafi na kukauka chenyewe, isipokuwa kama munganga ao mkunga amekupa dawa yake maalumu.

Nenda kituo cha afya kama upele umepita siku tatu bila kupungua, kama ni mwekundu sana na una vidoadoa pembeni, kama unatoa maji ao usaha, ao mtoto ana homa. Mtoto ambaye bado hajamaliza mwezi akitoka vipele vyenye usaha, nenda siku hiyo hiyo. Na siku ya kupima watoto, muulize munganga bila haya. Ni kazi yake kukujibu.

Namna ya kumwambia mama mkwe

Hapo ndipo kazi ngumu iko. Mama mkwe ametoka mbali, ameleta chupa kubwa, ameshamlaza mjukuu kwenye mapaja. Alilea watoto saba na poda, wote wako hai. Ukimnyang'anya chupa mkononi, umevunja nyumba. Anza na heshima: «Mama, asante kwa kutukumbuka. Kule maternite walituambia kifua cha mtoto bado ni kidogo, hakiwezi vumbi. Unisaidie kumpaka hii vazelini, mikono yako ni laini kuliko yangu.» Kazi umempa, heshima umempa, na mtoto amepumua vizuri.

Baba naye asikae kando akisema hayo ni mambo ya wanamuke. Akisema yeye kwa mama yake, maneno yanaingia haraka zaidi.

Na ile furaha ya kupakana? Hatuizimi. Wenye kutaka kupakana wapakane nje uani, mtoto akiwa ndani na mlango umefungwa, na poda iwe ya mahindi. Wakimaliza wanawe mikono, wapanguse nguo, ndipo waingie kumwona. Mgeni wetu amefika duniani juzi tu. Zawadi ya kwanza tunayoweza kumpa ni hewa safi.